Atakayepiga ni Wetu

Simu ililia mara moja, ikanyamaza.

Markela alikuwa amejilaza chumbani, madirisha yamefungwa kuzuia jua, gauni limemganda mgongoni kwa jasho. Akafumbua jicho moja. Ilikuwa saa ya usingizi wa mchana, saa ambayo kijijini kwao, kusini mwa kisiwa cha Chios, hata mbwa hujitafutia kivuli wakanyamaza, na mtu aliyelelewa akaleleka hampigii mwenzake simu. Wapigao saa hiyo ni wauzaji tu: wa umeme, wa intaneti, wa sufuria zisizoshika ukoko. Na wauzaji, Markela alidhani ameshamalizana nao.

Akasikia kiti cha sebuleni kikilia. Mama yake ameinuka. Hakuhitaji kwenda kumtazama. Alijua kasimama vipi, mkono juu ya simu bila kuigusa, shingo imeinama kidogo, pumzi imezuiwa.

"Nani, mama?"

"Kimya," mama akanong'ona. "Ngoja ya pili."

Ya pili haikuja.

Aliyezaliwa kwingine atacheka, na acheke. Kijiji kile mtu haitiki mwito wa kwanza. Ukipigiwa hodi, unabana kimya mpaka hodi ya pili. Ukiitwa jina shambani, unaendelea kuukwangua mti wako wa mastiki, ule utoao utomvu wa kutafuna, kama kiziwi mpaka uitwe tena. Sababu ni kwamba kuna kitu, wengine hukiita jini la waliokufa vibaya, wengine hukiita mfu asiyelala, na wengi wenye akili hawakitaji kabisa, ambacho kimepewa ruhusa ya kuita mara moja tu. Mara moja, kwa sauti ya yule umpendaye. Ukiitika naam, huimalizi wiki. Kurudia ni kwa binadamu, maana binadamu ndiye mwenye shida. Kwa hiyo wao huitana mara mbili mbili tangu utotoni, hata mezani: Markela, Markela, nipe chumvi. Simu zilipoingia kijijini, kina bibi wakazipa sheria ile ile. Iache ilie, ikatike, ilie tena, ndipo uinue.

Bi Kaliroi, mama yake Markela, aliishika sheria hiyo kuliko sala ya asubuhi. Na ilimgharimu.

Alikuwa na mtoto wa kiume, Zanis, baharia kama nusu ya wanaume wa kisiwa kile. Zanis alikuwa akipiga simu kutoka melini, anaiacha ilie, anakata, anapiga tena, na mama yake anainua na kusema, "Sema, roho yangu." Miaka mitatu nyuma, mchana kama huo, simu ililia mara moja. Mama akasimama pale pale, mkono juu ya simu, akangoja ya pili mpaka jua likageuka. Kesho yake ikapiga kampuni ya meli, ikapiga na mara ya pili kama wastaarabu, kusema kwamba Zanis ameanguka baharini kaskazini mwa Hispania na mwili haukupatikana. Aliyepiga akaongeza, pengine akidhani anafariji, kwamba muda mfupi kabla ya kutoweka kijana aliomba simu ya meli ampigie mama yake.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wakachemsha ngano ya maombolezo, wakaisomea kanisani bila jeneza, watu wakala, wakarudi makwao. Lakini tangu hapo kila simu ilipolia mama alinyanyuka. Na simu zilikuwa nyingi, kwa sababu wauzaji walishaipata ile namba, na muuzaji hana haya wala hachoki: akikosa ya kwanza anapiga ya pili, akikosa ya pili anapiga ya tatu. Mama anasimama, anangoja, ya pili inalia, uso wake wote unafunguka, anainua. "Sema, roho yangu." Na msichana fulani wa Athene, asiye na kosa lolote, anamuuliza umeme analipa kiasi gani. Mama alikuwa akifiwa upya kila siku, Markela akiwa pale pale anakatakata vitunguu.

Siku moja Markela alimkuta kashika simu sikioni, machozi yanamchuruzika hadi kidevuni, na ile sauti haina habari, inaendelea kumweleza kwamba punguzo linaisha Ijumaa. Alimpokonya simu, akaikata. Kesho yake alipotoka kazini, kwenye kikundi cha wanawake wanaosafisha utomvu wa mastiki, kutwa kuuchokoa takataka kwa kisu kidogo, alipanda basi mpaka mjini akaingia duka la kampuni ya simu.

"Nataka namba ya nyumbani isipigiwe na wauzaji," alisema.

Msichana wa dukani alikuwa na kucha ndefu za kijani. Akabonyeza bonyeza. "Tunakuandikisha bure, dada. Itachukua kama mwezi hivi. Wauzaji wote wataiona kwamba imekataa, hawataruhusiwa kuipiga. Ila inazuia wauzaji tu, sawa?"

"Kwani kuna nani mwingine?"

"Basi. Mtabaki na watu wenu."

Markela alirudi moyo mweupe. Alimkuta mama kibarazani anachambua dengu, akamwambia habari yote. "Kwa hiyo, mama, simu ikilia usihangaike tena. Hakuna wauzaji. Kuanzia sasa atakayepiga ni wetu."

Mama akaacha kuchambua. Akafanya ishara ya msalaba. "Usiseme hivyo ndani ya nyumba, mwanangu."

"Nikaseme wapi, barabarani? Atakayepiga ni wetu. Basi. Nipe hizo dengu nichambue, wewe unaacha mawe."

Neno likishatoka, limetoka. Mama akampa ungo.

Mwezi ule ukapita. Simu zikapungua, zikawa moja moja, zikakoma. Nyumba ikapata utulivu ambao Markela alikuwa ameusahau. Mama akaanza kulala mchana, akaongezeka hata mwili kidogo. Jirani yao, Bi Angeru, ambaye pia alikuwa shangazi yake Markela, alikuja akasema, "Kaliroi, umerudi mjini?" yaani umerudi duniani, na mama akacheka. Markela alijisifu moyoni. Kwa mara ya kwanza tangu Zanis azame, aliona kuna jambo moja amelifanya likafaa.

Ndipo simu ikalia mara moja, ikanyamaza.

Kesho yake, saa ile ile ya joto, ikalia tena mara moja. Na kesho kutwa. Markela alijiambia ni muuzaji mkaidi, akakasirika, akaipigia kampuni kwa simu yake ya mkononi ili alalamike. Kijana aliyepokea akamwomba asubiri, akarudi.

"Dada, hiyo laini haijapigiwa."

"Inapigiwa kila siku mchana."

"Ninaangalia hapa. Wiki nzima hakuna simu iliyoingia. Ya mwisho ni yako mwenyewe, ukiwa kazini, nadhani. Labda kengele ina hitilafu. Umeinua ukasikiliza?"

"Hapana."

"Basi inua usikilize."

Markela alimshukuru, akakata, akabaki ameishika simu ya mkononi kama kitu kilichookotwa. Yeye hakuwa mtu wa majini. Alishaishi Athene miaka mingi, aliolewa huko, akaachika huko, na sheria ya mwito wa pili aliifuata kijijini kama mtu anayevua kofia kanisani, kwa heshima ya wenyeji. Lakini mchana wa siku iliyofuata simu ilipolia, alijikuta naye ametoka chumbani na kusimama mlangoni miguu mitupu, na mama upande ule, mkono hewani, wote wawili wanaitazama simu ya zamani ya rangi ya maziwa juu ya kitambaa chake cha kufumwa, na mlio ulipokatika kukaja harufu. Kijiji kile kiko mbali na pwani, bahari haionekani hata ukipanda darini. Harufu ilikuwa ya kamba zilizolowa, mafuta ya injini, na nguo ya mtu iliyokaa na maji ndani ya mfuko.

"Unaisikia?" mama akauliza kwa sauti ya chini kabisa.

"Siisikii."

"Muongo."

Jioni ile Markela aliuchomoa waya wa simu ukutani, akauviringa, akautia kwenye mfuko wa aproni yake. Mama alimwangalia bila kupinga. Mchana uliofuata simu ikalia mara moja, waya wake ukiwa mfukoni mwa Markela kule kazini, maili mbili mbali. Alipofika, alikuta mama amekaa kando ya simu, ametulia, amevaa nguo ya Jumapili.

"Hahitaji waya," mama alisema.

"Nani hahitaji waya?"

"Unajua nani."

"Mama." Markela akapiga magoti mbele yake, akaishika mikono yake, na ilikuwa ya baridi katika joto lile. "Ni wewe uliyenifundisha. Anayeita mara moja si mtu. Ulinichapa kwa hilo, unakumbuka? Nilimfungulia mama mwuza mayai kwa hodi ya kwanza, ukanichapa."

"Nilikufundisha ujinga wa mama yangu. Mwanangu alikuwa na simu moja ya kupiga duniani akanipigia mimi. Mimi nikasimama hapa kama gogo, nikamhesabia sheria. Sasa anapiga tena kila siku, anaomba kitu kidogo tu, niinue. Unataka nimuue mara ngapi, Markela?"

"Zanis amekufa, mama."

"Ndiyo. Na bado anapiga. Wewe uliye hai ukikaa Athene ulikuwa unapiga Pasaka hadi Pasaka."

Hilo lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Markela aliinuka, akaibeba simu na kitambaa chake, akaenda kuifungia ghalani nyuma ya magunia ya mastiki ya mwaka jana, akatia kufuli. Usiku ule alilala na ufunguo kifuani.

Padri Stratis akaitwa. Alikuja na tawi lake la mrehani na maji ya baraka, akanyunyiza sebuleni, akanyunyiza mlango wa ghala, akasoma alichosoma kwa haraka kidogo, maana alikuwa na ubatizo mahali pengine. Alipomaliza alisema kwa upole kwamba huzuni ina masikio yake, na kwamba Bi Kaliroi apelekwe kwa daktari apimwe shinikizo la damu. Kisha akatazama mlango wa ghala, akauliza kama kuna bomba linalovuja. Maji yalikuwa yametokeza chini ya mlango. Markela alichovya kidole akaonja, yalikuwa ya chumvi, na padri akamwona anavyotema. Akaaga, akaondoka bila kungoja kahawa.

Mchana uliofuata Markela hakwenda kazini. Alikaa jikoni, mlango wa ghala mbele yake, ufunguo kifuani, na joto lilikuwa la kupika mayai juu ya mawe, na usingizi, ule usingizi wa mchana usioomba ruhusa, ukamchukua akiwa ameketi, akaota kwamba anachokoa takataka kwenye donge la mastiki na takataka haziishi, kila akitoa moja ndani yake kuna nyingine ndogo zaidi, ukucha, unywele, kifungo cha shati la baharia, mpaka mlio wa simu ulipompiga kichwani, mmoja, mrefu kuliko siku zote, akashtuka akajishika kifuani na ufunguo haukuwapo, na mlango wa ghala ulikuwa wazi, na kule ndani gizani, kati ya magunia, miguu ndani ya maji yaliyomfika kwenye vifundo, mama yake alikuwa ameipakata simu kama mtoto mchanga na mkono wake ulikuwa umeshaushika mkono wa simu, umeshauinua upana wa unyasi.

"Mama, mama," Markela alisema, mara mbili, kama alivyolelewa.

Mama akageuka. Markela akakimbilia ndani, akaurudisha ule mkono wa simu chini kwa nguvu zake zote, na chini ya kiganja chake alihisi simu ikitetemeka kama kuku anayeshikwa kwa kuchinjwa.

Bi Angeru alikuja jioni ile. Ndiye aliyekuwa akiondoa kijicho kijijini, kwa mafuta na maji na maneno ambayo hamwambii mtu. Watu walimpigia simu hata kutoka Australia awasomee kwa njia ya simu. Alikaa mbele ya Bi Kaliroi, akadondosha mafuta kwenye kikombe cha maji, akaanza kusoma kimoyomoyo, na papo hapo akaanza kupiga miayo. Hiyo ndiyo dalili yao: anayesoma akipiga mwayo, kitu kipo. Angeru alipiga miayo mpaka taya likagonga, mpaka machozi yakamlowesha ukosi, mpaka akashindwa kusema, akasukuma kikombe.

Alimvuta Markela nje, chini ya ukuta wao wenye michoro ya kukwaruzwa kwenye lipu.

"Hiki hakikuja chenyewe," alinong'ona. "Kilikaribishwa. Nani alikikaribisha?"

"Hakuna mtu."

"Fikiri, mtoto. Hivi vitu ni kama wauzaji, haviingii bila mtu kusema ndiyo."

Markela alifikiri. "Nilisema atakayepiga ni wetu," alisema. "Siku niliyoiandikisha namba. Nilisema mara mbili."

Bi Angeru hakumlaumu, afadhali angemlaumu. "Basi kinywa kilichokaribisha ndicho kitakachofukuza. Kesho utainua wewe. Usiitike naam. Usilitaje jina lake. Kitakuita, kitakubembeleza, kitajua mambo. Wewe sema tu: hapa huna mtu. Sema mpaka kikubali. Na mama yako asisikie."

Kesho yake mama alipewa chai ya majani ya mlimani yenye kidonge ndani, akalala chumbani. Angeru alikaa jikoni na tasbihi yake ya kamba. Markela akaiweka simu juu ya meza ya sebuleni, waya wake ukining'inia, akaiangalia. Jua likasimama. Mtaa mzima ulikuwa umelala, hakuna aliyekohoa.

Simu ikalia. Akainua kabla haijakatika.

Mwanzoni palikuwa na bahari tu. Sauti kubwa, ya mbali, yenye chuma ndani yake. Halafu mtu akavuta pumzi karibu sana na sikio lake.

"Markela," Zanis alisema. "Ni wewe?"

Mdomo wake ulifunguka wenyewe. Neno naam lilikuwa limeshafika kwenye meno. Alilimeza.

"Hapa huna mtu."

"Markela, ni baridi huku. Umenyoa nywele zako? Mama aliniambia unataka kunyoa. Sikia, sina muda, wananidai simu. Mpe mama."

"Hapa huna mtu."

"Nina neno moja tu kwake. Lile la siku ile. Sikuwa na ubaya wowote, dada, nilitaka kumwambia neno moja, niliiacha simu ilie, nikaikata ili nipige tena, kama alivyotaka yeye, na nilikuwa nabonyeza namba ya pili, Markela, kidole changu kilikuwa juu ya namba, na wimbi likapanda. Mwambie nilikuwa napiga tena. Mwambie tu hilo. Au nipe nimwambie mwenyewe. Unakumbuka ulivyovunjika jino kisimani, nikasema nimekusukuma mimi, nikachapwa mimi? Nilikudai nini? Sikukudai kitu. Sasa nakudai neno moja, mwite mama, sema Zanis yuko kwenye simu, sema jina langu tu, dada, hakuna mtu anayelisema jina langu huku."

Markela alikuwa analia kwa namna ambayo mwili wote hulia, bila kutoa sauti. Alijua kwamba hiki si kaka yake. Alijua pia kwamba habari ya jino hakuna aliyeijua ila wao wawili. Akaibana simu kwa mikono miwili.

"Hapa huna mtu," alisema. "Huna mama hapa. Huna dada. Hapa si kwako, usipige tena."

Bahari ikakatika. Pakawa kimya safi kabisa, kama ofisi yenye kiyoyozi. Kisha sauti ya mwanamke kijana, changamfu, yenye adabu zote, ikasema:

"Tumekuelewa, Bi Markela. Hatutaipiga tena namba hii. Tunakushukuru kwa muda wako. Uwe na mchana mwema."

Akaiweka simu chini. Harufu ilikuwa imekwisha. Jikoni Bi Angeru alikuwa anamshukuru Mungu kwa sauti. Markela aligeuka, na mama yake alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba, mkono ukutani, kidonge kimemlegeza miguu lakini si masikio.

"Alikuwa anasema nini?" mama akauliza.

"Hakuna mtu, mama. Ni wauzaji wa umeme."

"Wauzaji hawapigi tena. Uliwazuia mwenyewe."

Markela akaanza kuuviringa waya wa simu.

"Ulimwambia hana mama," Bi Kaliroi alisema. Akarudi chumbani, akafunga mlango taratibu.

Simu haikulia tena. Waliivunja kwa nyundo, vipande wakavitupa kwenye korongo, na kampuni ikaifunga laini. Padri alipoulizwa alisema sala zake zilifanya kazi. Kijiji kikasema Angeru ni mwanamke hodari. Na mama hakufa ndani ya wiki, wala wiki ya pili. Alikula, alivaa, alikwenda kanisani. Ila hakumwita tena Markela. Zamani jina lake lilikuwa likisikika nyumbani mle kutwa, Markela Markela ufunguo uko wapi, Markela Markela maziwa yanachemka. Sasa akitaka kitu mama aliinuka akakichukua mwenyewe, hata kama kiko juu ya kabati. Wakikaa mezani, alisukuma sahani ya zeituni upande wa binti yake bila kumtazama. Markela aliomba radhi kwa maneno, kwa mikate ya anisi, kwa kumkanda miguu. Mama alimwacha aikande, kama mtu anayemwacha daktari afanye kazi yake.

Na Markela aliogopa. Hilo hakumwambia mtu. Kile kitu kiliahidi kwamba hakitaipiga ile namba, na ilikuwa kweli, hakikuipiga. Lakini hakikuahidi lolote kuhusu mlango, wala dirisha, wala sauti tupu. Yeye aliyeishi Athene akaanza kuishi kama bibi yake. Alingoja hodi ya pili ya mpeleka barua. Kazini wenzake wakimwita mara moja tu kwa kusahau, aliinamia donge lake la mastiki mpaka wakumbuke. Simu yake ya mkononi aliiacha ilie, ikatike, ilie tena, na mara nyingi haikulia tena.

Mavuno yalikuwa yanakaribia mwisho. Mchana mmoja Markela alikuwa amejilaza, madirisha yamefungwa, mama yuko chumba cha pili. Hakuwa amelala vizuri. Akasikia jina lake.

"Markela."

Mara moja. Kwa sauti ya mama, ya chini, ya upole, sauti ambayo hakuwa ameisikia ikimwita tangu siku ya simu.

Miguu yake ilikuwa imeshagusa sakafu. Ndipo akakumbuka ni sauti ya nani kitu kile hutumia: ya yule umpendaye. Mama hajamwita kwa wiki nyingi, na sasa amwite saa hii, na kwa upole hivi? Akairudisha miguu kitandani. Akavuta pumzi kutafuta harufu ya kamba na mafuta. Akaona kama anaisikia, akaona kama haisikii. Akajifunika mto kichwani na kubana masikio ili asije akaitika kwa bahati mbaya, na kati ya viganja vyake alisikiliza, alisikiliza kwa nguvu zake zote, kama kutakuwa na ya pili. Kitu kidogo kilianguka chini mahali fulani. Kisha kimya. Alikaa hivyo, jasho likimtoka, mpaka alipowasikia watoto wa jirani wameanza kucheza mpira uchochoroni na saa ya mapumziko imekwisha.

Alimkuta mama sakafuni kati ya kitanda na mlango, amelala kwa ubavu, mkono umenyooshwa kuelekea kwenye kitasa. Kikombe kilikuwa kimevunjika karibu yake. Mwili ulikuwa bado una joto.

Daktari wa zahanati alikuja kwa pikipiki. Alisema ni moyo, na kwamba haukusimama ghafla; ulichukua muda. Alisema angewahiwa mapema kidogo, kuna kidonge cha kuweka chini ya ulimi, wao wanacho. Alisema hivyo akiwa anaandika, hakujua anamwambia nani.

Bi Angeru alifunga kidevu cha marehemu kwa kitambaa, akawasha mshumaa. Kisha akamtazama Markela aliyekuwa ameketi sakafuni palepale mama alipoanguka.

"Hakukuita?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Aliniita."

"Ukafanyaje?"

"Nilingoja," Markela alisema.

Bi Angeru alizaliwa kijiji kile kile na watoto wake mwenyewe aliwafundisha hivyo hivyo. Hakuuliza alikuwa anangoja nini. Akageuka, akaendelea kumvisha Kaliroi soksi.